Chanzo Bado Kinafanya Kazi

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili tusije tukasumbuana mbele ya safari. Naogopa mbwa, ngazi, radi, nyaya zilizochunika na watu wanaocheka peke yao. Nikiingia chumba chochote, kabla sijasalimia nimeshaangalia mlango unafungukia wapi na kama madirisha yana nondo. Mke wangu husema kuishi nami ni kuishi na mkaguzi wa zimamoto asiyelipwa. Wanafunzi wameniita Mwalimu Tahadhari, na wanadhani sijui.

Labda ndiyo maana bima naifundisha kwa moyo. Wenzangu wa masomo ya biashara wakifika kwenye sura hiyo huipitia mbiombio, kama mtu anayepita makaburini. Mimi naipenda. Ni sura pekee katika kitabu kizima inayokiri kwamba vitu huungua, huanguka na huzama, tena siku ambayo hukujipanga.

Ndani ya sura hiyo kuna kanuni ya chanzo cha karibu, na kila mwaka inawatoa watoto jasho. Hasara ikitokea, kampuni ya bima haitosheki kuambiwa nini kimeharibika. Inataka kujua kimeharibiwa na nini. Sasa mambo ya dunia hayaji peke yake, yanakuja yamefuatana, hili likilisukuma lile. Katika msururu huo unatafuta lile lenye nguvu, lililoyasukuma mengine moja kwa moja mpaka hasara ikapatikana, bila kitu kipya kuingia katikati na kubadilisha mambo. Si lazima liwe la kwanza, wala si lazima liwe la mwisho. Likiwa limeandikwa kwenye hati yako ya bima, unalipwa. Kama halimo, unapewa pole.

Namna ya kulitafuta ni kurudi nyuma. Unasimama kwenye hasara, unauliza kwa nini, unapiga hatua moja nyuma, unauliza tena. Mimi huwarudisha wanafunzi nyuma kwa miguu yao. Nachora miduara chini kwa chaki, kila mduara tukio moja, halafu mwanafunzi anatembea kinyumenyume kutoka mduara hadi mduara huku wenzake wakiimba "kwa nini". Wanagongana, wanacheka, mmoja au wawili wanaanguka. Lakini kwenye mtihani hawasahau.

Mwaka huu nilipata bahati, au nilidhani ni bahati. Kulipiga dhoruba, na asubuhi yake tukakuta ukuta wa nyuma wa stoo ya vitabu umelala juu ya vitabu. Shule ilikuwa na bima ya dhoruba. Mkuu wa shule, ambaye sote tunamwita Mama Mkuu, alituita walimu akatuambia kwamba mkadiria hasara wa kampuni ya bima atakuja, na yeyote atakayeulizwa aseme dhoruba, basi, asiongeze neno. Mama Mkuu si mwizi. Alivitafuta vile vitabu kwa miaka, akipiga hodi ofisi baada ya ofisi, na aliamini kweli kwamba ni dhoruba. Sote tuliamini. Mimi nilitikisa kichwa kukubali kabla hajamaliza sentensi, kama ninavyokubali kila anachosema. Ana sauti ndogo sana, na mtu mwenye sauti ndogo asiyewahi kuipandisha ananitisha kuliko mwenye kufoka.

Siku aliyokuwa anakuja mkadiria, nilikuwa na kipindi cha kidato cha nne. Nikajiambia, hasara halisi hii hapa, bado mbichi, kwa nini nichore ya uongo ubaoni? Nikawatoa nje kimya kimya. Kimya kimya kwa sababu stoo ile imeungana na darasa la kidato cha kwanza, jengo moja, paa moja, na kidato cha kwanza walikuwa wanafanya mtihani. Mama Mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa anausimamia. Na binti yangu alikuwa humo ndani.

Nyuma ya stoo nilichora mduara wa kwanza pembeni ya kifusi. Vitabu vimeharibika. Kwa nini? Ukuta umeviangukia. Hatua nyuma. Kwa nini ukuta umeanguka? Msingi umebaki unaning'inia. Hatua nyuma. Kwa nini unaning'inia? Udongo chini yake umechukuliwa. Umechukuliwa na nini? Na maji. Maji ya nini?

"Mvua," wakajibu wote kwa pamoja, kwa mnong'ono, nami nikainamisha mkono kuchora mduara wa mwisho.

Kuna msichana katika darasa lile wenzake wanamwita Wakili, kwa kuwa hata ukimwambia kumekucha atataka ushahidi. Alikuwa amechuchumaa. Alichota udongo wa kando ya msingi, akaufinyanga ukashikana, akaninyooshea kiganja. Nikaona shida yake iko wapi. Tangu usiku ule wa dhoruba hakukudondoka hata tone. Uwanja mzima ulikuwa umekauka mpaka unapasuka, vumbi limetuganda kwenye viatu, lakini udongo ule ulikuwa mbichi. Kijana mmoja, Mrefu, akachimba kwa rula. Shimo likajaa maji mbele ya macho yetu, polepole, maji safi.

Kutoka tangi lililoko mlimani kidogo, nyuma ya vyoo, bomba linapita chini ya ardhi kwenda jikoni. Sote tulilijua bomba hilo, ila hakuna aliyewahi kulifikiria. Mrefu akalaza sikio chini kama daktari, akasema anasikia kitu kinapuliza.

Basi haikuwa dhoruba. Dhoruba ilikuta kazi imeshafanyika, ikausukuma tu ukuta uliokuwa hauna pa kusimama. Chanzo cha karibu kilikuwa bomba bovu, lililovuja miezi bila mtu kulitengeneza, na uvujaji wa namna hiyo hati ya bima iliutaja waziwazi kwamba haulipiwi. Kama mwalimu nilifurahi kwa muda wa kupepesa jicho. Watoto wameitafuta sababu wenyewe na wameipata. Kisha nikamkumbuka Mama Mkuu, na mkadiria ambaye huenda saa hiyo alikuwa anaingia getini. Nitasemaje? Nani aliniruhusu kuwaleta hapa? Nikaanza kufuta miduara kwa soli ya kiatu, harakaharaka, nikiwaambia kipindi kimekwisha, turudi darasani, na hili tusilizungumze mpaka niseme.

Nilidhani huo ndio woga wa siku ile.

"Mwalimu," Wakili akasema, "na tukienda mbele je?"

Sikumwelewa. Nikamwambia kanuni hii haiendi mbele, inarudi nyuma, mbele hakuna kitu, mbele ni hasara na hasara tumeshaipata.

"Lakini bomba linavuja hata sasa. Chanzo bado kinafanya kazi. Tukigeuka, tukaanzia kwenye bomba tukaenda mbele, tutafika wapi?"

Hakuna aliyecheka. Miaka yote niliyofundisha somo lile sijawahi kuulizwa hivyo, na mimi mwenyewe sijawahi kujiuliza, mimi ninayehesabu madirisha ya kila nyumba niingiayo. Nikageuza shingo nikatazama upande ambao bomba linaelekea. Majani yalikuwa yananijibu. Kila mahali yalikuwa makavu, isipokuwa utepe mmoja wa kijani uliopita nyuma ya stoo, ukaendelea, ukafuata ukuta wa nyuma wa kidato cha kwanza kutoka mwanzo wake hadi mwisho.

Tulitembea juu ya utepe ule, safari hii kifua mbele, na sijui ni nani aliyekuwa anapumua kwa nguvu namna ile, mimi au wao. Katikati ya ukuta palikuwa na ufa. Ulianzia chini ukapanda hadi kwenye dirisha, na chini vingeweza kuingia vidole vyangu vyote. Chini ya msingi palikuwa na uwazi mweusi. Mrefu akaingiza rula, kisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa, akanitazama. Hakugusa kitu. Tukiwa tumesimama pale, mchanga ukaanza kumwagika kutoka kwenye ufa, kidogo kidogo, ukakoma, kisha ukaanza tena.

Kupitia dirishani niliona visogo vya watoto walioinamia karatasi. Safu moja ilikaa imeegemea ukuta ule kabisa, mmoja wao ameweka kiwiko chake juu ya ukingo wa dirisha huku anafikiria. Upande wa pili, dawati la kwanza karibu na mlango, niliona utepe mweupe kwenye nywele ambao mama yake alikuwa ameufunga asubuhi ile.

Niliwaambia kidato cha nne waende katikati ya uwanja na wasipige kelele hata wakiona nini. Wakili na Mrefu niliwatuma wakimbie kwenye tangi wafunge koki. Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini walikwenda.

Kutoka nyuma ya jengo hadi mlangoni si mbali, na katika mwendo ule mfupi niliogopa mambo mengi kuliko mwaka mzima. Niliogopa ukuta. Niliogopa kwamba ukuta hautaanguka na nitakuwa mzaha wa shule mpaka nistaafu. Nilimwogopa Mama Mkuu. Lakini zaidi ya yote niliogopa kelele. Darasa lile lina mlango mmoja, unafungukia ndani, na madirisha yana nondo. Nikipiga ukunga, watoto wote watauvamia kwa pamoja, wataufunga kwa miili yao wenyewe, na kishindo cha miguu kitamalizia kazi ya maji. Hayo sikuyatunga pale. Nimeyaona kichwani kila siku niliyofundisha katika chumba kile. Huwa nadhani ni ugonjwa.

Nikagonga. Mama Mkuu akaja mlangoni, akaacha nafasi ya kutosha uso tu. Aliniuliza kwa ile sauti yake kama sijui kwamba kuna mtihani.

"Mama Mkuu, ukuta wa nyuma unakuja," nikamnong'oneza.

Akataka kujua nani amesema. Nikamweleza kuhusu bomba, udongo, ufa, mkono wa Mrefu. Nilipotaja bomba, uso wake ulibadilika, na niliona wazi kwamba ameielewa bima kabla ya kuuelewa ukuta. Simlaumu. Na mimi ndivyo nilivyoanza. Akanikumbusha kwamba mkadiria yuko njiani. Watoto wamebakiza kipande kidogo tu, akasema, wakimaliza tutakwenda kuangalia, mimi na wewe.

"Hapana," nikasema.

Lilikuwa neno dogo na lilitoka likikwaruza. Sijawahi kumwambia mama yule hapana tangu niajiriwe. Alinitazama kama aliyeona kiti kinaongea. Sijui angejibu nini, kwa sababu huko nyuma kipande cha lipu kikabanduka, kikaanguka juu ya dawati la kijana mmoja wa safu ya ukutani. Kijana akakipangusa kwa kiganja kutoka kwenye karatasi yake, akaendelea kuandika. Mama Mkuu alikiona. Alimwona pia mtoto anavyoendelea kuandika, na nadhani hicho ndicho kilichomvunja. Alirudi hatua moja, akaufungua mlango wote, akauegemea kwa mgongo ili usijifunge.

Nikaingia. Nikatumia sauti ya darasani, ile ya kusinzisha, ambayo nimelalamikiwa kwa ajili yake. Nikawaambia waweke kalamu chini. Nikawaambia kuna sehemu ya mtihani wa leo ambayo hawakuambiwa, nayo ni kutoka nje kwa utaratibu: karatasi zinabaki, mabegi yanabaki, safu inasimama ikiitwa, na atakayefungua mdomo au kuvuta dawati anapunguziwa maksi. Ulikuwa uongo mtupu, na waliuamini kwa sababu ndio aina ya upuuzi ambao walimu huutunga. Wachache walinung'unika. Wengine walijikaza wapate maksi.

Safu ya kutangulia ilikuwa ya ukutani. Ilibidi iwe hiyo.

Binti yangu alikuwa karibu nami kiasi kwamba nilisikia harufu ya mafuta ya nywele zake. Kunyoosha mkono tu, ningemnyanyua kwa kola kama begi, na hatua mbili yuko nje. Mkono wangu ulitaka. Nasema kweli, mkono ulishaanza kwenda. Lakini wa mlangoni akiinuka, wote wanainuka. Wale wa ukutani wako mbali na mlango, naye ndiye angewaonyesha kwamba kila mtu ajiokoe. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kusimama. Alikuwa amenitazama mikono. Chumba kizima waliona mwalimu wa biashara na mambo yake, lakini yeye amekua na mikono hii, anajua inavyotetemeka radi ikipiga, na anajua kwamba haitetemeki kwa ajili ya maksi.

"Kaa," nikamwambia.

Macho yake yalikwenda kwangu, yakaenda ukutani, yakarudi. Akakaa.

Safu ya ukutani ikatoka. Kijana wa lipu alifika katikati akarudi kuchukua rula yake. Safu ya pili. Juu ya dirisha kitu kikalia, sauti kavu kama ya mtu anayesaga meno usingizini, na watoto kadhaa wakageuka. Nikasema maksi. Wakageukia mbele. Safu ya tatu. Mama Mkuu pale mlangoni alikuwa anamgusa kila mtoto begani akipita, midomo ikicheza, sijui alikuwa anawahesabu au anawaombea. Nikaiita safu ya mwisho, waliokaa nyuma kwanza. Walimpita binti yangu mmoja mmoja. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya dawati, anatazama ubao usioandikwa kitu. Alipobaki peke yake nikamwashiria kwa kichwa atoke, naye akatoka bila kukimbia, bila kunitazama. Nikafuata mimi, na nyuma yangu Mama Mkuu akauachia mlango.

Tulikuwa tumewapanga uwanjani, mbali, na mkadiria ameshafika, bwana mmoja mwenye mkoba na viatu vilivyong'aa, anampa Mama Mkuu mkono, ndipo ukuta ulipokwenda. Haukuanguka kwa kishindo nilichokingoja. Ulikaa chini kama mtu aliyechoka, paa likabaki hewani kidogo likiwaza, kisha nalo likaja. Vumbi lilitufikia tulipokuwa. Halafu mtoto mmoja akauliza kama karatasi zao bado zitasahihishwa.

Mkadiria alikuwa amekunja uso. Akauliza, kwa upole, ni dhoruba ile ile? Mama Mkuu alinitazama. Akamtazama Wakili, aliyekuwa anashuka kutoka kwenye tangi huku mikono na sketi vimelowa. Kisha akawatazama kidato cha kwanza kwa muda mrefu.

"Ni bomba," akasema. "Tangu mwanzo ni bomba."

Basi hatukulipwa, na sasa tunafundisha chini ya turubai. Mama Mkuu ameanza upya kupiga hodi maofisini. Hajanisema kwa lolote, na hajanishukuru. Walimu wenzangu walinipiga mabegani siku nzima mpaka mifupa ikauma, na Mwalimu Tahadhari likawa jina la heshima kwa mara ya kwanza. Nilitamani kukaa chini mahali nilie.

Jioni nilirudi nyumbani na binti yangu, kama kawaida. Utaratibu ni wake, aliupanga mwenyewe alipojiunga na shule ili wenzake wasimcheke: ndani ya shule mimi ni Mwalimu, tukishapita kona ya kwanza mimi ni Baba. Tulipita kona. Hakuniita chochote. Tulipita duka la fundi viatu, tukapita kisima, anatembea mbele yangu kidogo, vumbi bado liko kwenye ule utepe mweupe.

"Ulijua ukuta unaanguka," akasema hatimaye.

Nikasema nilijua.

"Na uliniona ni mimi."

Nikamwambia nilimwona. Nikaanza kumweleza. Nilimweleza kuhusu mlango unaofungukia ndani, na nondo, na safu ya ukutani, na jinsi mtoto mmoja akiinuka wote wanavyoinuka, na kwamba wale kule nyuma nao wana baba zao. Nilieleza vizuri, hatua kwa hatua, kama nifundishavyo, maana nikinyamaza nilikuwa nasikia upya lile neno nililomwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Alikuwa analia, lakini alisikiliza kila kitu.

Tulikuwa tumefika kwetu. Mama yake, aliyekwisha kupata habari, alikuwa amesimama mlangoni na mikono ameshaifungua. Binti yangu alijifuta uso kwa mkono wa sare.

"Nimeelewa, Mwalimu," akasema, akaenda kwa mama yake.